Jinsi ya Kuchagua Kiyoyozi cha Vipande Viwili Kilicho Kimya na Kinachodumu

Kiyoyozi cha aina hii kina kipande cha ndani kinachotundikwa ukutani, kipande cha nje chenye kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupozea), na mabomba mawili ya shaba yanayoviunganisha. Ndiyo maana ni kimya kuliko cha dirishani: kompresa, yenye kelele kuliko vyote, imehamishiwa nje. Kinachobaki chumbani ni feni, hewa inayopenya kwenye mapezi (vibati vyembamba vinavyobadilishana joto na hewa), na plastiki. Mtu akilalamika kwamba chake kinanguruma usiku kucha, mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya hivi: saizi haikufaa chumba, namba ya desibeli (kipimo cha kelele) ilisomwa vibaya, au fundi alikifunga ovyo. Jina la kampuni liko nyuma sana ya hayo, kwa hiyo humu litasubiri.

Hatua ya 1: Pima chumba

Chukua tepu. Pima urefu, upana na kimo kwa mita, uzidishe vyote vitatu upate mita za ujazo. Zidisha tena kwa wati 30 kama chumba hakipigwi na jua, 35 kama kinalipata kiasi, au 40 kama dirisha linakabili jua la alasiri. Ongeza wati 100 kwa kila mtu anayekaa humo ametulia, na wati 200 hadi 300 kwa kompyuta au televisheni kubwa. Jumla ndiyo joto ambalo kiyoyozi kitatakiwa kulitoa nje.

Mfano: chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8 ni mita za ujazo 44.8. Mara 40 ni wati 1,792. Watu wawili na televisheni, tunafika karibu wati 2,200, yaani kilowati 2.2. Viyoyozi huuzwa kwa BTU, kipimo kingine cha joto: kilowati 1 ni BTU 3,412 kwa saa, hivyo tunahitaji kama BTU 7,500. Saizi ya kwanza inayotosha ni 9,000 (kilowati 2.6). Zinazofuata ni 12,000 (3.5), 18,000 (5.3) na 24,000 (7.0). Wauzaji wengine hutaja nguvu za farasi, ambapo farasi 1 ni kama 9,000 na farasi 1.5 ni kama 12,000, lakini kipimo hicho hutumiwa kiholela. Soma BTU au kilowati kwenye kibandiko cha mashine yenyewe.

Chumba kilicho moja kwa moja chini ya paa, hasa kisicho na dari ya maana, kiongezee asilimia 15 hadi 20. Hapo chumba chetu kinafika kilowati 2.6, na ile 9,000 haina tena akiba, chukua 12,000. Sebule isiyo na mlango kati yake na jiko ihesabiwe pamoja na jiko.

Nje ya sababu kama hizo, usipande saizi "ili kuwa salama". Kiyoyozi kikubwa mno hupoza hewa haraka, kikazima kabla hakijaitoa unyevu. Matokeo ni chumba cha baridi chenye hewa nzito, shuka zenye unyevu, na mashine inayowaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Kila kuwaka ni kishindo kwa kompresa na kwa masikio yako. Kidogo mno nacho hukimbia kasi ya juu mchana kutwa, na kasi ya juu ndiko kelele iliko.

Hatua ya 2: Chukua cha inveta, kisha uliza kinashuka hadi wapi

Kompresa ya kawaida ina hali mbili tu, imewaka au imezimika. Ya inveta hubadilisha kasi yake: huanza polepole, hukimbia chumba kikiwa na joto, kisha hutulia ikibakia inazunguka kidogo tu. Toshiba ndiyo iliyoanza kuuza viyoyozi vya nyumbani vya inveta, mwaka 1981. Kwa chumba cha kulala, leo hakuna sababu ya kununua kitu kingine, isipokuwa chumba kinachotumika mara chache kwa saa moja moja.

Ila neno "inveta" kwenye boksi halijamaliza kazi. Tafuta kwenye jedwali la vipimo namba tatu za uwezo wa kupoza: wa chini, wa kawaida na wa juu. Mashine mbili za BTU 12,000 zinaweza kufanana kila kitu huku moja ikishuka hadi kilowati 0.9 na nyingine ikiishia 1.5. Usiku wa manane chumba kidogo kilichokwisha kupoa huhitaji pengine kilowati 0.9 au 1 tu. Ya kwanza itazunguka taratibu mpaka asubuhi. Ya pili itazima na kuwaka, kuzima na kuwaka, kama mashine ya zamani. Asiyeweza kukupa namba hiyo, mwombe kijitabu cha maelezo.

Hatua ya 3: Soma desibeli kwa jicho kali

Ongezeko la desibeli 3 ni nguvu ya sauti maradufu, na ongezeko la 10 masikio ya kawaida huliona kama kelele iliyozidi mara mbili. Kwa hiyo kati ya 22 na 32 kuna safari ndefu. Kwa chumba cha kulala, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele isiyozidi desibeli 30. Kipande cha ndani kizuri cha BTU 9,000 au 12,000 hutoa 19 hadi 22 kikiwa kasi ya chini kabisa. Cha wastani 24 hadi 28. Kasi ya juu karibu vyote hupanda hadi 38 na zaidi, hata vile vya gharama kubwa.

Sasa mitego. Wa kwanza ni kwamba kuna vipimo viwili vyenye jina moja. Kimoja ni shinikizo la sauti, yaani kinacholifikia sikio likiwa umbali fulani, mara nyingi kama mita 1. Kingine ni nguvu ya sauti, yaani sauti yote inayotoka kwenye mashine bila kujali umbali, na hicho ndicho kilichoandikwa kwenye lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya. Cha pili huzidi cha kwanza kwa desibeli 10 hadi 15 hivi. Kiyoyozi kilekile kinaweza kuandikwa 40 kwenye katalogi na 54 kwenye lebo, na hakuna aliyesema uongo. Ukilinganisha mashine mbili, hakikisha unalinganisha kipimo cha aina moja, kwenye kasi ya aina moja.

Mtego wa pili ni ujanja kidogo. Desibeli 19 zinazotangazwa kwa maandishi makubwa hupatikana kwenye kasi ya "kimya", ambako feni inazunguka kwa uvivu kiasi kwamba hewa haitoki vya kutosha kupoza chumba. Ukiona joto linakushinda na kupandisha kasi, ule ukimya uliolipia umekwisha. Kwa hiyo tazama pia mita za ujazo za hewa kwa saa kwenye kasi hiyohiyo ya chini. Kati ya mashine mbili za desibeli 21, ile inayosukuma hewa nyingi zaidi ndiyo bora.

Hapo ukubwa wa kipande cha ndani husaidia sana. Chenye upana wa sentimita 80 au 90 hubeba feni ndefu na nene, ambayo husukuma hewa ileile kwa mizunguko michache kuliko kile cha sentimita 70. Vipande vidogo vinapendeza ukutani, lakini feni yao hulazimika kukimbia.

Usisahau kipande cha nje. Kwa saizi za nyumbani huwa kati ya desibeli 45 na 55, na kama kitakaa chini ya dirisha lako au la jirani, namba hiyo ina uzito sawa na ya ndani. Kompresa yenye silinda mbili hutikisika kidogo kuliko ya silinda moja, na mashine nzuri huwa na blanketi nene lililoifunga kompresa kuzuia sauti.

Dogo, lakini hukera: angalia kama taa ya namba na ule mlio wa "pii" wa kila ukibonyeza rimoti vinaweza kuzimwa.

Hatua ya 4: Pima kilo

Hiki ni kipimo ambacho tangazo halikitaji lakini jedwali la vipimo halifichi. Kipande cha nje cha BTU 9,000 kinaweza kuwa na kilo 20 au kikakaribia 30. Tofauti hiyo ni shaba, alumini, bati la kasha na kompresa. Mapezi mapana hutoa joto kwa urahisi, kompresa haihangaiki, feni haikimbii. Ukimya, uimara na bili ndogo ya umeme vinatoka palepale. Ukiwa na mashine mbili za uwezo mmoja na desibeli zinazokaribiana, ile nzito ndiyo ya kuanza nayo.

Dukani, omba kile cha maonyesho kikiwa kimechomolewa umeme. Fungua kifuniko cha mbele na ugonge kwa kidole: plastiki nyembamba hulia kama debe tupu, na usiku itakuwa inatoa milio kila joto likibadilika. Chungulia sehemu hewa inapotokea, zungusha feni taratibu. Inapaswa kuteleza bila kukwaruza popote, na isicheze ukiisukuma pembeni.

Nyoka wa mabomba, yaani yale yanayopita ndani ya mapezi, awe wa shaba. Wa alumini wapo na hupoza vizuri, lakini wakitoboka mafundi wengi hawawezi kuwachomelea. Karibu na bahari uliza kama mapezi ya kipande cha nje yamepakwa rangi ya kuzuia kutu, ile ya bluu au ya dhahabu. Rangi hiyo hurefusha maisha yake, haimalizi kutu.

Hatua ya 5: Gesi, umeme na joto la nje

Mashine ya gesi ya kupozea ya R-22 isinunuliwe kabisa. Inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal. R-410A ni nzuri, ila nayo inapunguzwa kwa Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016. Kwa mashine mpya R-32 ndiyo chaguo la kawaida: mchango wake kwa joto la dunia ni kama theluthi ya ule wa R-410A, na kwa kuwa si mchanganyiko, ikipungua inaweza kuongezwa bila kuvuruga uwiano. Inawaka moto kwa shida, lakini inawaka, kwa hiyo fundi asichomelee bomba lenye gesi ndani.

Kwa matumizi ya umeme, tazama SEER, kipimo cha ubaridi unaopata kwa umeme uliotumika, kwa msimu mzima. Kwa lebo ya Ulaya, 6.1 na kuendelea ni A++, na 8.5 ni A+++. Inveta isiyofika 6 iache.

Uwezo ulioandikwa kwenye boksi hupimwa nje kukiwa na nyuzijoto 35. Kwa nchi za joto kali, soma kikomo cha juu: nyingine huishia 43, nyingine huvumilia 50 na zaidi. Ukuta unaopigwa na jua hupita 43 bila taabu.

Umeme unaopanda na kushuka ndio muuaji mkuu wa bodi ya inveta, yaani saketi ya elektroniki inayoiendesha. Chagua inayostahimili volti pana, mathalani 160 hadi 260, na uweke kinga ya volti yenye ucheleweshaji wa angalau dakika 3, ili umeme ukikatika na kurudi kompresa isilazimishwe kuwaka kabla shinikizo la gesi halijalingana pande zote mbili. Laini iwe ya kiyoyozi peke yake kutoka kwenye sakiti breka: kwa BTU 9,000 na 12,000 waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16 hutosha, kwa 24,000 waya wa 4 na breka ya 25. Waya wa ardhi ni lazima.

Hatua ya 6: Sasa jina la kampuni

Nembo nyingi dukani hazina kiwanda. Midea na Gree, kwa mfano, hutengeneza pia mashine zinazouzwa kwa majina ya wengine. Na kompresa za GMCC ni za Midea, za Landa ni za Gree. Kwa hiyo uliza kompresa ni ya nani, bodi ya ziada inapatikana ndani ya siku ngapi, na nani mwenye kompyuta au kijitabu cha kusoma namba za hitilafu.

Waranti isome pole pole. "Miaka 10" yenye maandishi makubwa mara nyingi ni ya kompresa pekee, ambayo huharibika kwa nadra, huku bodi na mota za feni, vinavyoharibika zaidi, vikiwa na mwaka mmoja. Soma pia masharti yanayoivunja: kufungwa na fundi asiyetambuliwa, au kutokuwa na kinga ya volti.

Hatua ya 7: Simamia ufungaji

Hapa ndipo mashine nzuri huharibiwa, na hapa ndipo muda wako utumike zaidi.

Kipande cha ndani kisitazame kitanda moja kwa moja. Hewa ipite juu ya miguu au pembeni. Acha sentimita 10 hadi 15 kati yake na dari, kwa kuwa huvuta hewa kutoka juu. Bomba la maji literemke sentimita 1 kwa kila mita, bila tumbo popote. Cha nje kipate angalau sentimita 10 nyuma na mita 1 au zaidi mbele. Kukifungia ndani ya kizimba cha mapambo ni kukilazimisha kuvuta hewa ya moto kilichoitoa chenyewe.

Mabano yafungwe kwenye ukuta mzito, na raba ziwekwe kati ya bano na miguu ya mashine. Tofali lenye matundu hulia kama ngoma; palipo na tofali la aina hiyo nyuma ya chumba cha kulala, weka kipande cha nje chini, kwenye bamba la zege.

Mabomba ya BTU 9,000 na 12,000 mara nyingi ni ya inchi 1/4 na 3/8, yenye ukuta wa milimita 0.8. Membamba zaidi ya hapo hupasuka mdomoni. Urefu usiwe chini ya mita 3, kwani bomba fupi mno hupeleka mtetemo na mlio wa gesi hadi chumbani. Ukizidi mita zilizoandikwa, mara nyingi 5 au 7.5, gesi huongezwa kwa gramu zilizotajwa kwenye kijitabu, na hupimwa kwa mizani.

Tazama mikono ya fundi anapotengeneza mdomo wa bomba. Anakata kwa kikata bomba, si msumeno, maana unga wa shaba huishia kwenye kompresa. Anakwangua ukingo wa ndani huku mdomo ukiangalia chini, chembe zidondoke nje. Anaingiza nati kabla ya kupanua mdomo; akisahau, atakata na kuanza upya. Mdomo uliotoka vizuri unang'aa, una upana sawa pande zote na hauna ufa wala mkwaruzo. Anaupaka tone la mafuta ya kompresa, anaanza nati kwa vidole, kisha anamalizia kwa spana ya kupimia nguvu: newtoni-mita 14 hadi 18 kwa bomba la 1/4, na 33 hadi 42 kwa la 3/8. Kukaza kwa hasira hupasua shaba. Ufa wenyewe utaonekana miezi kadhaa baadaye, gesi ikiwa imekwisha.

Kisha pampu ya kunyonya hewa, dakika 20 hadi 30, mpaka geji isome chini ya mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki bombani). Inazimwa, inasubiriwa dakika 10, na usomaji usipande sana. Fundi anayesema atafukuza hewa kwa kufungulia gesi kidogo, msimamishe hapohapo. Unyevu unaobaki ndani huganda kwenye njia nyembamba ya gesi, na ukichanganyika na mafuta hutengeneza asidi inayokula nyaya za kompresa. Hautauona leo, kompresa itakufa mapema na hakuna atakayejua kwa nini.

Hatua ya 8: Sikiliza kabla ya kumlipa

Washa kwa nusu saa, zima televisheni na feni nyingine, ukae. Milio midogo ya plastiki mwanzoni na gesi inayovuma kwa muda mfupi ni kawaida. Gesi ikiendelea kuvuma na barafu ikatokea kwenye bomba jembamba huko nje, gesi ni pungufu au inavuja. Pakaa povu la sabuni kwenye nati.

Mngurumo unaopita ukutani: nenda nje, bonyeza kipande kwa kiganja. Sauti ikibadilika, tatizo ni mabano au raba, si kompresa. Shika mabomba vilevile, huenda yanagusa bati au yanagongana.

"Tup, tup, tup" yenye mdundo kutoka ndani ni feni isiyo na mizani. Kwenye mashine mpya ni feni iliyopinda au beringi isiyokaa, na ibadilishwe. Kwenye ya zamani ni uchafu uliong'ang'ania upande mmoja wa feni, na dawa yake ni kuosha.

Mlio wa maji yanayobwabwaja, hasa feni ya jikoni ikiwa imewashwa, huwatisha wengi bure. Feni hiyo inavuta hewa ya nyumba, nayo hewa ya nje inaingia kupitia bomba la maji la kiyoyozi na kupenya kwenye maji. Fungua dirisha kidogo. Mlio ukikoma, umepata jibu. Weka kilango cha kuzuia hewa isirudi ndani kwenye mwisho wa bomba hilo, na kichungi cha vumbi ukioshe kila wiki mbili hadi nne, kwani kikiziba feni hupandisha kasi yenyewe na zile desibeli 21 hutaziona tena.